Tranka la komiki za zamani: mwongozo kamili wa kulifungua, kuzisoma tena na kuzirudisha salama

Kila kifuku napokea picha ileile kwenye simu. Mtu kafungua tranka lake la shule ya bweni, kakuta komiki alizoziacha humo miaka ishirini iliyopita, zina unyevu na harufu ya stoo, kaona huruma, kazianika juani. Jioni ananiuliza mbona zimejikunja kama majani ya tumbaku na mbona jalada la Spider-Man limepauka. Safari hii picha zimetoka Uyole, Makambako, Tukuyu na Mafinga. Kosa ni lilelile, mabati tu ndiyo tofauti.

Nami nimelifanya. Komiki zangu za kwanza aliniletea mjomba aliyekuwa akifanya kazi kwenye treni za TAZARA. Abiria walikuwa wakiziacha kwenye viti, yeye anaziokota. Nyingine nilizichambua mwenyewe kwenye mafungu ya mitumba ya Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nilipozirudia baada ya miaka mingi, mwezi Januari, niliharibu kumi na moja kwa siku moja. Tranka halikuziua, panya hawakuziua. Nimeziua mimi, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye komiki kumi hadi mia mbili anayetaka kuzisoma tena. Kama nia yako ni kuuza, fanya hatua zote isipokuwa ya 6, maana wanunuzi wa komiki hawapendi kitu kilichorekebishwa na fundi wa nyumbani.

## Vifaa, kabla hujagusa tranka

Usifungue kwanza halafu ukaanza kukimbilia steshenari. Kusanya hivi:

- Kipima unyevu kidogo cha kidijitali, kile chenye kioo kinachoonyesha joto na asilimia ya unyevu hewani.
- Brashi mpya ya rangi ya inchi 2, yenye nywele laini. Iliyowahi kuguswa na rangi haifai.
- Barakoa na glavu za mpira.
- Rimu moja ya karatasi nyeupe za A4.
- Mifuko myepesi ya plastiki ya A4 yenye matundu pembeni, ile ya kuwekea vyeti kwenye faili. Komiki ya Marekani ina upana wa sentimita 17 hivi na urefu wa 26, kwa hiyo inaingia bila kubanwa.
- Kadi nyeupe ngumu, ukubwa wa A4.
- Vibao viwili bapa vilivyopigwa randa, au trei mbili zisizo na mdomo.
- Kisu butu cha kupakia siagi, uzi mweupe wa pamba na sindano.
- Kontena la plastiki lenye mfuniko, ambalo mfuko wa A4 unalala ndani bila kukunjwa.
- Kaunta buku na penseli. Kalamu ya wino isikae meza moja na komiki.

Kuhusu plastiki, geuza kitu uangalie namba ndani ya pembetatu. Namba 5 ni nzuri, 2 na 4 zinafaa, 1 pia. Namba 3 ikimbie. Hiyo ni PVC, plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni. Ikikaa miaka hutoa mafuta na tindikali, hushika wino wa jalada, na siku ukivuta komiki, nusu ya uso wa steringi unabaki kwenye mfuko. Pasipo namba, tumia pua.

Seloteipu haimo kwenye orodha, na sijaisahau.

## Hatua ya 1: Pima kipimo chako, kisha chagua mwezi

Vipima vya bei nafuu hudanganya. Vya kwangu viwili vilikaa rafu moja, kimoja kinasema 52, kingine 64. Dawa yake iko jikoni. Weka chumvi kijiko kimoja kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke. Itie pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, funga, acha usiku kucha. Asubuhi kisome kabla ya kufungua. Chumvi iliyoloa hivyo huweka hewa iliyofungiwa nayo kwenye unyevu wa asilimia 75. Kikisoma 69, ujue kinapunguza 6, uandike kwa penseli mgongoni mwake.

Sasa mwezi. Karatasi hupenda asilimia 40 hadi 50. Ikipita 65 na kukaa hapo, kuvu huota. Mbeya mjini mvua huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili, wakati mwingine Mei. Juni na Julai ni pakavu lakini usiku ni baridi kali. Kwa hiyo mimi hufungua kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Oktoba, vumbi au hakuna vumbi. Wa Iringa mna bahati, dirisha lenu ni refu zaidi.

Wa Tukuyu nawapa pole. Rungwe, wilaya yenu, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Iringa mjini hata nusu yake haifiki. Kiswahili chenyewe kimewaonea: ukungu wa nje na ukungu wa kwenye karatasi vina jina moja, na kwenu wa kwanza ndiye mama wa wa pili. Msisubiri mwezi mkavu. Subirini siku tatu kavu mfululizo, au pelekeni tranka kwa ndugu wa Uyole.

Kipimo kikisoma chini ya 60 ndani ya chumba, saa sita mchana, siku tatu mfululizo, endelea.

## Hatua ya 2: Fungua tranka, halafu ondoka

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu mkono hauwezi kusubiri.

Tranka la bati hutoka jasho. Usiku wa baridi bati linapoa kuliko hewa ya ndani, unyevu uliomo humo unageuka matone kwenye mfuniko kama kwenye chupa ya soda iliyotoka friji, kisha unadondokea komiki ya juu. Mchana unapanda tena kuwa mvuke. Mchezo huo umechezwa kila Juni kwa miaka ishirini. Karatasi iliyozoea unyevu wa ndani ukiitoa ghafla kwenye upepo mkavu, upande mmoja unakauka kabla ya mwingine, nayo inajikunja. Unayoona imeharibika juani, aghalabu iliharibika katika saa ya kwanza.

Basi liweke tranka chumbani, mbali na jiko la mkaa, juu ya matofali mawili. Fungua mfuniko kwa upana wa kiganja, weka kijiti, funga dirisha, toka. Kesho fungua nusu. Kesho kutwa fungua lote. Siku hizo unaruhusiwa kuangalia na kunusa tu.

Harufu ya kabati la bibi ni uzee wa karatasi, haina neno. Harufu kali ya udongo mbichi ni kuvu hai. Harufu ya mkojo ni panya, na hapo vaa glavu na barakoa kabla ya yote. Angalia pembe za chini kama kuna njia za udongo za mchwa. Ukiziona, toa tranka nje ya nyumba mara moja na usahau habari ya siku tatu.

## Hatua ya 3: Gawa mafungu

Toa moja moja kwa mikono miwili, kiganja kimoja chini, kama unavyobeba sahani ya mchuzi. Usishike pembe, usivute kutoka katikati ya rundo. Osha mikono kwa sabuni na uikaushe. Kwa komiki safi usivae glavu za kitambaa kama za kwenye sinema, zinakunyima hisia za vidole na kuchana kurasa.

Mafungu ni manne: zilizo nzima, zenye unyevu, zenye kuvu, na zenye wadudu. Mawili ya mwisho yasikae chumba kimoja na mengine. Fungu la wadudu lina dalili zake: matundu madogo, ungaunga, jalada lililolambwa rangi kwa mistari isiyo na mpangilio. Komiki inayoonekana nzima lakini ililala katikati ya mbili zenye kuvu ihesabu kuwa ya kuvu.

## Hatua ya 4: Kausha, bila jua na bila mchele

Jua kwanza. Mionzi yake hula rangi nyekundu na njano kabla ya bluu. Ndiyo maana komiki iliyokaa dirishani hugeuka ya bluu kama picha ya studio ya zamani. Pia, karatasi za komiki nyingi za kabla ya miaka ya 1980 ni za aina ya gazeti, zimetengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti. Lignini ikipata mwanga na hewa inageuka njano na kuzaa tindikali, na tindikali inafanya ukurasa uvunjike kama mkate mkavu. Umanjano uliopo hautoki. Ongezeko lake ndilo unaloweza kulizuia.

Mchele pili. Sijui nani aliwaambia. Una vumbi la wanga, unaita wadudu, na kunyonya kwake unyevu ni kwa uvivu. Mchele wa Kyela ule na maharage.

Fanya hivi. Laza komiki juu ya karatasi nyeupe kavu. Penyeza karatasi ya A4 ndani yake sehemu tatu: nyuma ya jalada la mbele, katikati palipo na pini, na mbele ya jalada la nyuma. Usitumie gazeti, wino wake utahamia. Usipenyeze kila ukurasa, mgongo utapasuka kwa unene. Washa feni ielekee ukutani, upepo uzunguke chumba bila kuipiga komiki. Badilisha karatasi asubuhi na jioni.

Iguse kwa mgongo wa kidole. Ikiwa baridi kuliko meza, bado ina maji. Ikiwa sawa na meza, imekauka, na kwa kawaida huchukua siku mbili hadi nne.

Ikishakauka itakuwa na mawimbi. Iweke kati ya karatasi mbili safi, juu na chini weka vibao, kisha tandika uzito sawia kwa siku tano. Na hapo ndipo mchele unapopata kazi: mfuko wa kilo 5 uliolazwa unakandamiza sawasawa kuliko tofali.

Onyo. Komiki yenye karatasi inayong'aa ikiwa imelowa chapachapa, usiikaushe ikiwa imefungwa. Kurasa zitagandana na hazitaachana tena. Ifunge kwenye plastiki, itie friza, kisha siku ukiwa na nafasi itoe, na wakati bado mbichi fungua ukurasa mmoja mmoja ukipenyeza karatasi.

## Hatua ya 5: Kuvu na wadudu

Kuvu mbichi haifutwi. Ukiipitishia kitambaa unaipaka kama siagi, inazama ndani. Kausha kwanza mpaka iwe unga, halafu nenda nje, simama upepo ukupige mgongoni, vaa barakoa, piga brashi kutoka mgongo wa komiki kwenda nje. Mpiga brashi akiwa na pumu, kazi hii amwachie mwingine. Doa litabaki. Liache. Jiki itaondoa doa, wino, na baada ya mwaka karatasi yenyewe.

Wadudu wauawe kwa baridi. Funga komiki kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa yote, funga mfuko wa pili juu yake, tia kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika mpaka barafu ikalainika, anza kuhesabu upya, usijidanganye. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Jasho litatokea nje ya plastiki badala ya kwenye karatasi.

Friza la duka la samaki linafaa, ilimradi mwenye duka ajue kilichomo. Mimi nilisahau kumwambia, akamuuzia mtu.

Vidonge vya naftalini visitumike. Mvuke wake haufai kwa mapafu, na harufu yake haitoki kwenye karatasi: utasoma Batman unanuka kabati la marehemu. Harufu mbaya iliyobaki iondoe kwa mkaa. Weka vipande vikavu kwenye bakuli ndani ya kontena, komiki pembeni bila kugusana, funga wiki mbili.

## Hatua ya 6: Pini na michaniko

Pini yenye kutu kavu juujuu iache. Yenye kutu inayotafuna karatasi, yenye duara la kahawia kuizunguka, itolewe. Fungua katikati, penyeza kipande cha kadi nyembamba chini ya miguu ya pini, inua miguu kwa kisu butu mpaka isimame wima, kisha igeuze komiki na uvute pini kwa upande wa mgongo. Ukivutia ndani utatoka na ukurasa wa katikati mkononi.

Pitisha uzi wa pamba kwenye matundu yaleyale, fundo liwe ndani, usikaze. Mchaniko wa chini ya sentimita 2 usiushughulikie. Mrefu zaidi, bandika utepe mwembamba wa karatasi laini ya shashi kwa uji wa wanga wa ngano uliopikwa ukapoa, kisha kandamiza.

Seloteipu iliyobandikwa enzi zile usiibandue kwa nguvu. Gundi yake imeshaingia ndani. Iliyonyauka itadondoka yenyewe.

Na usifute maandishi ya penseli. Komiki zangu zimejaa maneno ya Kiingereza niliyoyatafuta kwenye kamusi, tafsiri pembeni, nyingine si sahihi hata kidogo. Kwenye moja nimeandika kwamba «villain», neno la mhalifu anayepambana na steringi, ni mtu wa kijijini. Nilisoma hadithi nzima nikidhani steringi anapigana na wanakijiji.

## Hatua ya 7: Kaunta buku

Kabla ya kusoma, andika. Safu sita zinatosha: jina, namba, mwezi na mwaka, hali, kinachokosekana, ilitoka wapi. Safu ya mwisho watu huiruka, na ndiyo pekee ambayo hakuna atakayekujazia ukishasahau.

Jina na namba usivichukue kwenye jalada. Tafuta maandishi madogo ya kisheria chini ya ukurasa wa kwanza, au ndani ya jalada la mbele. Hapo ndipo jina rasmi lilipo, pamoja na namba, mwezi na mchapishaji. Kwa komiki za zamani za Marvel, wachapishaji wa Spider-Man, mara nyingi yako ukurasa wa kwanza, kwa hiyo hata komiki iliyopoteza jalada bado inatambulika. Mwezi ulioandikwa si mwezi iliyouzwa. Wachapishaji waliutanguliza miezi miwili mitatu ili muuzaji asiitoe mapema kwenye rafu.

Jalada likiwepo lakini tarehe imeliwa, bei itakusaidia. Kwa komiki za kawaida za Marvel, senti 12 ni kuanzia 1962 hadi 1969, senti 15 hadi 1971, senti 20 hadi 1974, senti 25 hadi 1976, senti 30 hadi 1977, senti 35 hadi 1979, senti 40 hadi 1980, senti 50 hadi mwisho wa 1981, kisha 60. Bei yenye herufi d ni ya Uingereza kabla ya Februari 1971, yenye p ni baada yake, walipobadili fedha yao.

Angalia pia kama unayo ya kwanza au marudio. Marvel Tales, kwa mfano, ilikuwa ikichapa upya hadithi za zamani za Spider-Man. Na The Mighty World of Marvel, iliyoanza Uingereza Oktoba 1972, ilikuwa ya kila wiki na ilizikata hadithi za Marekani vipande. Kama hadithi yako inakatika ghafla katikati ya ngumi na karatasi haina rangi zote, yaelekea unayo ya Uingereza, na hakuna ukurasa uliochanika.

Kuhusu utajiri, niwapunguzie mawazo. X-Men namba 1 ya 1991 ilichapwa zaidi ya nakala milioni 8. Kila mwenye nayo anaamini anayo peke yake. Baadhi ya komiki za zamani zina taarifa ya mwaka, maandishi madogo yaliyotakiwa na posta ya Marekani, inayotaja idadi ya nakala zilizochapwa na kuuzwa. Isome kabla hujamwambia mkeo mmekuwa matajiri.

## Hatua ya 8: Kusoma

Hii ndiyo kazi, hizo nyingine zilikuwa maandalizi.

Soma mezani. Kitandani utaikunja jalada kwa nyuma. Ifungue nyuzi 120 tu, usiilaze bapa, na tegemeza upande mmoja kwa kitabu kilichofungwa. Geuza ukurasa kwa kushika pembe ya juu ya nje. Usilowanishe kidole. Chai iwe meza nyingine, na hapa Mbeya tunakokunywa chai mara sita kwa siku, nalisema hili mara mbili: chai iwe meza nyingine.

Iliyovunjikavunjika isisomwe kwa mkono zaidi ya mara moja. Piga picha kila ukurasa kwa simu karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, kisha soma kwenye simu.

Mpangilio. Usisome kwa namba kuanzia ya chini, kwa sababu mkusanyiko wa mitumba una mapengo kuliko namba. Anza na hadithi ambayo unazo angalau sehemu mbili zinazofuatana. Pengo likitokea, tafuta nyota ndogo kwenye maneno ya wahusika. Chini ya kisanduku mhariri huandika tukio lilitokea toleo gani, namba ngapi. Lingine ni ukurasa wa barua: wasomaji huzungumzia matoleo ya miezi mitatu hadi mitano nyuma, na mara nyingi wanasimulia tukio unalolikosa. Mimi nilijua mwisho wa hadithi moja kwa kusoma malalamiko ya kijana wa Ohio.

Pita kila komiki mara mbili. Mara ya kwanza picha tu, kama ulivyokuwa ukifanya darasa la tatu hujui Kiingereza. Kuna sababu. Marvel ya miaka ya 1960 ilifanya kazi hivi: mwandishi Stan Lee na mchoraji, Jack Kirby au Steve Ditko, walianza na muhtasari, mchoraji akaenda kuchora kurasa zote, maneno yakaja mwisho. Hadithi ilijengwa kwa picha kwanza. Kwa hiyo mtoto wa Mwanjelwa aliyejitungia maneno yake hakuwa mbali na alichofanya Lee mwenyewe. Andika penseli kwenye kaunta buku hadithi uliyoiona, kisha soma maneno, linganisha.

Rangi nazo ziangalie kwa karibu. Utaona vitone. Wino ulikuwa wa rangi nne tu, vingine vyote ni vitone vya ukubwa tofauti vinavyolidanganya jicho. Uchapaji huo ndio uliombadilisha Hulk. Toleo la kwanza, Mei 1962, alikuwa wa kijivu, lakini kijivu hakikutoka sawa ukurasa hadi ukurasa, wakamfanya kijani. Kama unayo nakala ya marudio, huenda hata toleo hilo limemtia kijani.

Kona ya juu ya jalada tafuta muhuri mdogo wa kamati ya maadili ya wachapishaji wa Marekani. Ulikuwepo kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1971 Spider-Man namba 96 hadi 98 zilitoka bila muhuri kwa sababu hadithi iligusa dawa za kulevya, ingawa ilizipinga. Marvel waliuacha kabisa 2001, na DC, wachapishaji wa Batman, 2011. Ukijua muhuri ulikataza nini, utaelewa kwa nini majambazi wa zamani hupigwa sana lakini damu haionekani.

Na soma Afrika ilivyochorwa. Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Afrika, alitokea mara ya kwanza Fantastic Four namba 52, Julai 1966, na bado naisoma kwa raha: mgeni anakwenda msituni akitegemea vibanda, anakuta mitambo. Storm, mwanamke anayeamuru mvua na upepo, alikuja 1975 na Giant-Size X-Men namba 1. Tunamkuta Kenya, watu wamepiga magoti wakimwomba mvua kama mungu. Nilipokuwa mtoto niliona fahari. Sasa naona watu wale hawana majina, hawasemi lolote la maana, ni mandhari tu. Nilimwonyesha mama mmoja wa Tukuyu ukurasa ule, akautazama kwa muda, akasema: huyu angekuja huku tungemwomba aisimamishe.

Soma tatu kwa siku, zisizidi. Ukisoma kumi, mikono inachoka na ndipo pembe zinapokatika.

## Hatua ya 9: Kuzirudisha

Tranka lipe kazi nyingine. Sanduku jipya la mbao za paina pia hapana, nawaomba radhi ndugu zangu wa Mafinga: mbao mbichi hutoa mvuke wa tindikali na utomvu kwa miaka.

Kila komiki iingie kwenye mfuko wake na kadi nyeupe nyuma yake. Usitumie kipande cha boksi la sabuni, ile kahawia ina tindikali na itahamia kwenye jalada la nyuma. Zilaze kwenye kontena kumi kumi, migongo ya kumi za kwanza ielekee kushoto, kumi zinazofuata kulia, kwa sababu upande wa pini ni mnene na rundo litaegemea. Urefu wa rundo usipite sentimita 15. Tia vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya, ila ujue vikishashiba havinyonyi tena: badilisha kila mwaka. Weka kipimo ndani, kioo kikitazama juu kupitia mfuniko.

Funga saa nane mchana wa siku kavu, maana hewa utakayoifungia ndiyo itakayokaa humo. Kontena likae juu ya kabati la ukuta wa ndani, si ukuta unaopigwa na mvua, wala sakafuni.

Kisha andika kwenye kalenda siku mbili: katikati ya Januari na mwisho wa Aprili. Siku hizo usifungue. Soma namba tu kupitia mfuniko. Ikiwa chini ya 55, endelea na shughuli zako. Kati ya 55 na 65, badilisha vipakiti siku ya kwanza yenye jua. Ikipita 65, lihamishie kontena chumba chenye watu wanaolala, ambacho huwa na joto kuliko stoo, na ukague kila wiki mpaka mvua ikatike.

Langu leo linasoma 48. Nimebakiza komiki 31 za mjomba ambazo sijazirudia, na Oktoba bado ina wiki mbili.